"Mama, mpigie baba watoto": yaliyonikuta gereji na Morris ya baba

Nilisubiri hasira ipoe ndiyo niandike maoni haya ya gereji. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Gereji iko Ilala, jina silitaji. Nilifika pale nikivutwa kwa kamba na Morris Minor, gari dogo la zamani la Kiingereza, ya marehemu baba, iliyonizimikia Magomeni jioni, foleni imekaza, daladala nyuma yangu zinapiga honi kama vile nimeamua kupaki katikati ya barabara. Ilikuwa kabla ya vuli, tarehe siikumbuki. Maneno niliyoambiwa nayakumbuka yote.

Wasiolijua gari hili wanielewe kwanza. Pampu yake ya mafuta ni ya umeme, imefungwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Ukifungua ufunguo inapiga tik-tik-tik, bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, likijaa inanyamaza yenyewe. Ikipiga mbio bila kukoma, inavuta hewa mahali au tanki limekauka. Ikiwa kimya kabisa na tanki lina mafuta, umeme haufiki, au unafika lakini haupati njia ya kurudi, au vile vinundu viwili vinavyogusana ndani vimeungua. Baba alinifundisha hayo nikiwa shule ya msingi, kwa kunishikisha pampu mkononi. Siku ile Magomeni pampu ilikuwa kimya.

Nikamweleza fundi mkuu. Nilifika kwenye "anzia waya wa bodi wa pampu", yaani ule unaoiunganisha na mwili wa gari ili umeme upate njia ya kurudi, akanikata: "Mama, mpigie baba watoto tuongee naye yeye. Haya mambo ya ufundi yatakuchosha." Vijana wake wakacheka. Mimi nina miaka hamsini na kitu, gari ni langu, hela ni yangu, na niliyokuwa namwambia ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wenyewe. Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilinyamaza.

Hakupima. Narudia, hakupima chochote. Hakushika hata taa ya kupimia waya, ambayo kila gereji inayo. Alisema pampu imekufa, akamtuma kijana Gerezani kwenye maduka ya spea, ikaja pampu ndefu ya gari la kisasa, la injekta, lisilotumia kabureta. Elfu themanini na tano. Akaifunga. Ikanguruma, mafuta hayaji. Akasema bomba limeziba, akaniandikia na gharama za bomba.

Bomba lilikuwa zima! Kwenye Morris, upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na magari anayoyajua yeye. Alifunga waya kwa mazoea, pampu ikawa inazunguka kinyumenyume. Ile pampu ya zamani haijali hilo, umeme uingie huku au kule itapiga tu. Hiyo ya mota inajali sana. Alipokuja kugeuza waya, baada ya saa nzima ya kulaumu bomba, mafuta yalikuja, tena yalikuja mabaya. Kabureta ile inataka msukumo mdogo, haufiki hata PSI 4. Pampu ya injekta inasukuma 40 na zaidi. Sindano ya boya, inayofunga mafuta bakuli likijaa, haiwezi kuzuia kitu kama hicho. Petroli ikafurika, ikaanza kudondoka, na kwenye injini hii kabureta imekaa juu kabisa ya ekzosi. Nilizima ufunguo mwenyewe. Mkono ulikuwa unatetemeka. Yeye akasema, "Itatulia tu mama, bado mpya."

Itatulia! Petroli inadondokea chuma cha moto, halafu itatulia.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa mmoja: msiende. Nyota moja, nayo kwa sababu huwezi kutoa sifuri. Nililipa laki na ishirini na tano na ufundi humo ndani, nikaita gari la kuvuta mara ya pili.

Ila wakati tunafunga kamba alinifuata kijana mmoja wa pale, yule aliyekuwa anatumwa soda na spea, umri wa kumaliza kidato cha nne hivi. Akaongea kwa sauti ya chini: "Shikamoo mama. Pampu yako ya zamani wameitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mimi naona nzima. Nimekutolea." Alikuwa ameifunga kwenye gazeti. Amehatarisha kibarua chake kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Nyumbani niliifungua. Vinundu vilikuwa vyeusi kidogo, nikavipitisha msasa laini. Nikairudisha mahali pake, nikafungua ufunguo: kimya. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye mwili wa pampu, nyingine kwenye chanya ya betri. Tik-tik-tik-tik, ikanyamaza. Niliufuata waya wa bodi hadi mwisho wake, nikakuta kichwa chake kimeliwa na kutu ya kijani, unyumbufu wote umekwisha, umeshikiliwa na nyuzi mbili. Hewa hii yetu ya bahari haiachi shaba salama. Kichwa kipya cha waya kilikuwa shilingi mia tano.

Nilirudi kudai hela. Fundi mkuu akasema pampu ikishafungwa hairudishwi, hata macho hakuniinulia. Nikaichukua namba ya yule kijana mbele yake, makusudi.

Sasa sijui niseme msiende au niseme nendeni mkamuulize huyo kijana. Nikimkumbuka bosi wake damu inachemka, nikilikumbuka lile gazeti nashindwa kuilaani gereji nzima. Nyota mbili basi, na zote mbili ni za yule kijana.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu na nauli niliyomtumia. Hajawahi kuisikia pampu hii ikifanya kazi, alikuwa anaiona tu kwenye ndoo. Nikamwambia weka kiganja hapa, usibonyeze, iguse tu. Nikafungua ufunguo. Akaruka, akarudisha mkono, akasema, "Mama, fungua tena."