Jenereta ya ndani ya gari-nyumba: mashine imara, mahali pabaya

Jenereta ninayoitathmini ni ya petroli, ya kilowati 4 na silinda moja, iliyofungwa na kiwanda chini ya sakafu ya gari-nyumba langu. Baada ya kuishusha, kuitengeneza na kuirudisha mwenyewe, naweza kusema kwamba mashine yenyewe ni nzuri, ila aliyechagua mahali pa kuifunga hakumfikiria fundi hata kidogo.

Ilikuwa ikiwaka, inanguruma kwa sekunde chache, kisha inazimika. Siku nyingine mwendo wa injini ulipanda na kushuka bila kutulia. Kwa jenereta iliyolala miezi mingi, dalili hizo kwa kawaida huelekeza kwenye kabureta iliyoziba, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Hata hivyo, angalia kwanza kiasi cha petroli kwenye tangi la gari, kwa sababu bomba la jenereta mara nyingi huishia juu zaidi ya lile la injini ya gari, ili jenereta izimike kabla hujaishiwa mafuta ya safari. Tangi langu lilikuwa limejaa. Mlango wa huduma uliopo ubavuni ulinifikisha kwenye plagi na kijiti cha kupimia oili tu, hivyo hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kuishusha.

Nilikata umeme wa nje, nikaondoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa waya mnene wa stata, kisha nikafungua nyaya, ekzosi na mpira wa petroli, ambao niliuziba mara moja. Nyaya zote zina alama zinazosomeka, jambo ninalolisifu kwa dhati. Kazi ngumu ilikuwa boliti nne zinazoibeba. Mbili kati yake zimejificha juu ya fremu, mahali ambapo spana hugeuka kwa upana wa kidole kimoja tu, na zilinila saa nzima. Mzigo wenyewe una kilo 80 hivi, kwa hiyo usithubutu kutumia jeki ya kubadilishia tairi. Nilitumia jeki pana ya kushushia giaboksi, mwenzangu akiishika jenereta isiyumbe, na hakuna aliyeingiza mwili chini yake.

Bakuli la kabureta lilikuwa na utando wa rangi ya chai ya mkandaa, unaonuka kama vanishi. Nilipoielekeza jeti, kipande chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, kwenye mwanga, sikuona kitu upande wa pili. Niliilowesha katika dawa ya kusafishia kabureta, nikaipuliza kwa hewa ya kompresa hadi tundu likaonekana, duara kamili. Sikulichokoa kwa waya, maana tundu likipanuka hata kidogo, uwiano wa petroli na hewa huharibika. Mpira wa petroli nao ulikuwa na nyufa kila nilipoukunja, nikauweka mpya, na kwa kuwa mashine ilikuwa tayari mezani, nilikagua pia brashi za kaboni, vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka na ambavyo hulika taratibu. Zilikuwa bado ndefu.

Baada ya kuirudisha niliweka gasketi mpya ya ekzosi na kujaribu king'ora cha kaboni monoksidi kilichomo ndani ya gari, kwa kuwa gesi hiyo, inayotoka kwenye ekzosi, haina harufu na huua watu usingizini. Jenereta ikawaka kwa mguso wa kwanza. Nikiwa nimeiunganishia hita na birika la umeme, mita ilisoma volti 230 na hezi 50, ikatulia hapo kwa saa nzima.

Kwa injini, umeme wake na ubora wa nyaya, naipa alama nne kati ya tano. Kwa urahisi wa kuitengeneza naipa moja, na ningeongeza mbili nyingine papo hapo endapo kiwanda kingepanua ule mlango wa ubavuni kwa kiganja kimoja tu, kiasi cha kuufikisha mkono kwenye kabureta.