Duka la dawa za kienyeji hapa Amu: ubani mzuri, ila hiyo "tunguja ya Sham" msiinywe

Nanunua kwa hili duka miaka sasa, jina silitaji manake mzee mwenyewe nishaongea nae na sitaki kumharibia riziki. Ubani wake safi, habasoda mpya, asali nzito, na bei hamuonei mtu. Kwa hayo nampa nyota tano.

Shida ni hii pakiti. Binti wa mamangu mdogo ameolewa mwaka wa tatu hajajaaliwa mtoto, akauziwa unga wa mzizi shilingi 800, umeandikwa kwa kalamu "tunguja ya Sham", akaambiwa achemshe anywe asubuhi tatu. Alhamdulillahi aliniletea mimi kwanza.

Jamani tunguja tunayoijua sisi ni ya mtunguja, ule mti wa miba unaoota kando ya njia, matunda yake yakiiva manjano, bibi zetu wakitafuna mzizi wake jino likiuma. Ile ya Sham, yaani ya pande za Syria, ni mmea mwingine kabisa, Waarabu huita tufaha la jini, Wazungu mandragora, na huku kwetu hauoti. Jirani yangu Mkristo alinionesha kwenye Biblia ya Kiswahili, Mwanzo 30, kile alichookota Reubeni kondeni akampelekea mamake Lea kimeandikwa tunguja, na ndo hapo watu walishika habari ya kutafutia mtoto, lakini someni mpaka chini, Raheli ndo alozitaka zile tunguja na alobeba mimba kwanza ni Lea aliyezitoa.

Sasa sumu yake. Ni jamaa moja na nyanya na biringani, ila undugu wake wa karibu ni kwa ubaya, ni kama mnanaha, yaani ina atropini na skopolamini, mdomo wakauka kabisa, mboni zapanuka mpaka mwanga waumiza, moyo waenda mbio, mkojo wazuilika, mtu aanza kuongea na watu wasiokuwepo, ikizidi azimia na kufa. Tabibu wa Kiyunani Dioscorides, karne ya 1, aliandika kuhusu mvinyo wa mzizi huu kupewa mgonjwa kabla hajakatwa ili asisikie uchungu. Hiyo ndo ilikuwa kazi yake, kumlaza mtu anayepasuliwa! Atropini mpaka leo iko hospitali lakini hupimwa kwa miligramu, na wewe waambiwa kijiko cha chai, tena nguvu ya mzizi mmoja na mwingine hailingani.

Nikamuuliza mzee, huu mzizi umewahi kuuona mzima? Akasema huletewa umeshasagwa. Basi hajui kama ni mtunguja wa njiani au ni wa Sham au ni kitu cha tatu. Huko Ulaya zamani watu walichonga mizizi mingine ifanane na mtu wakaiuza kwa jina la mandragora, na hiyo ilikuwa mizizi mizima, je unga?

Na asije mtu akawaambia aupanda shambani kwake Mokowe. Mimi napenda mimea, nilijaribu, mbegu zataka baridi kwanza, nikaziweka kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji wiki sita, zikaota mbili tu, chungu lazima kiwe kirefu sababu mzizi washuka sana na majani yatandaa chini hauna shina. Kwao ni pande za Mediterania, mvua yao yanyesha wakati wa baridi na kiangazi majani hukauka mmea ukalala. Hapa joto la kaskazi likaunyausha, mvua za mwezi wa tano zikauozesha.

Dada zangu mnaotafuta mtoto nendeni kwa daktari mpimwe nyote wawili na waume zenu, msinywe unga usio na jina. Mzee pesa alirudisha bila maneno, mashallah, ila Ijumaa nilipopita pakiti zilikuwa bado rafu ya juu, pembeni ya ubani.