Mshumaa wa Pasaka: aina tatu za madukani, na ule unaostahili fedha ya parokia

Maduka ya vifaa vya kanisa huuza mishumaa ya Pasaka, ile mikubwa inayowashwa kwanza usiku wa Mkesha wa Pasaka, ya aina tatu: wa nta ya nyuki (safi, au iliyochanganywa, mara nyingi asilimia 51), wa parafini mtupu, na bomba la plastiki lenye kichupa cha mafuta juu. Hili la tatu liacheni dukani. Waraka wa Roma wa 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unataka mshumaa wa nta, mpya kila mwaka, mmoja tu, mkubwa wa kutosha na usio wa kuigiza. Bomba hubandikwa tarakimu mpya na kurudi kazini mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana waweka hazina hulipenda.

Parafini si kosa, ila hulainika upesi penye joto na hutoa moshi zaidi utambi ukirefuka. Tena Mbiu ya Pasaka, wimbo wa Mkesha wa kuusifu mshumaa huu, inasifu kazi ya nyuki. Kuiimba mbele ya parafini kuna kichekesho chake. Kwa parokia nyingi mchanganyiko wa asilimia 51 ndio ununuzi wa busara.

Kuhusu ukubwa, pigeni hesabu kwanza. Kutoka Pasaka hadi Pentekoste kuna Jumapili 8. Misa mbili kila Jumapili, kila moja ikichukua muda wa saa mbili, ni saa 32. Misa za siku za kawaida za dakika 40 zinaongeza kama saa 28. Mkesha wenyewe saa tatu. Halafu kuna ubatizo na mazishi ya mwaka mzima, kwani mshumaa huu huwashwa kando ya jeneza pia. Kipenyo cha sm 7.5 na urefu wa sm 90 kinatosha bila wasiwasi. Pimeni uzito: ukiwa wa nta tupu unakaribia kilo 3.8. Ukiwa mwepesi mno, ndani kuna uwazi. Shemasi ataunyanyua mara tatu akiimba "Mwanga wa Kristo", kwa hiyo mkubwa kupita huo ni mateso ya bure.

Mapambo yachunguzwe. Msalaba, Alfa, Omega na tarakimu za mwaka zilizochongwa au kutengenezwa kwa nta ni salama; za karatasi ya kubandika hushika moto mwali unapozifikia. Matundu matano ya kuchomekea chembe za ubani msalabani yawe yametobolewa tayari. Yasipokuwepo, pasheni msumari moto mtoboe kina cha sm 2 mchana wa Jumamosi Kuu, maana kugongelea kwenye nta baridi hupasua mshumaa, na hilo hutokea mbele ya waamini wote. Mpangilio wa chembe: juu, katikati, chini, kushoto, kulia.

Lawama nyingi dhidi ya wauzaji ni makosa ya sakristia, yaani ya wanaotunza vifaa vya ibada. Mshumaa mnene ukiwashwa nusu saa na kuzimwa mara ya kwanza, nta huyeyuka katikati tu, utambi unazama shimoni na mwali unafifia. Uacheni uwake Mkesha mzima, hadi dimbwi la nta likaribie ukingo. Baada ya kuzima, nta ingali vuguvugu, sukumeni ukingo uliosimama uelekee ndani kwa vidole. Kila mara kabla ya kuwasha, kateni utambi ubaki nusu sentimita. Kwa kuwa Mkesha huanzia kwenye moto wa nje ya kanisa, penye upepo nunueni pia kikombe cha kioo cha kukinga mwali.

Katika miji ya joto kama Dar es Salaam au Mombasa, usiegemezwe ukutani stoo, utapinda. Ulazwe juu ya ubao ulionyooka, umefungwa kitambaa. Vumbi jeupe juu ya nta ya nyuki si ukungu wala uchakavu: hufutika kwa kitambaa laini kikavu, msirudishe bidhaa kwa sababu hiyo.