FamilySearch na vitabu vya Caswell: usitafute jina, funua kurasa

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Caswell, kaunti ya mashamba ya tumbaku huko North Carolina, mpakani na Virginia. Habari za ukoo wake alizijua hadi kwa babu yake, basi. Wanangu walipoanza kuuliza maswali, niliamua kumtafutia, na jioni zangu zote za msimu wa baridi zimeishia FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba.

Huduma ni bure. Unafungua akaunti na huulizwi kadi ya benki. Wenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao walianza kukusanya kumbukumbu za nasaba mwaka 1894. Mimi si muumini wao, na hakuna aliyenihubiria.

Wengi huandika jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, wakilikosa wanaondoka. Kwa ukoo wa watu waliokuwa watumwa, njia hiyo hukwama mwaka 1870, sensa ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina. Sensa za 1850 na 1860 zina orodha za watumwa, ila jina linaloonekana ni la mmiliki. Mtumwa mwenyewe ni umri, jinsia na rangi. Nilipofika kwenye mstari wa mwanamke wa miaka 24, bila jina, nilifunga kompyuta. Usiku ule sikuweza kuendelea.

Kilichonivusha ni majalada ya mirathi. Yamepigwa picha, yamepangwa kwa kaunti, kisha kwa jina la marehemu. Niliorodhesha wenye mashamba waliokuwa majirani wa ukoo wa mama mkwe katika sensa ya 1870, nikafungua jalada la kila mmoja, karatasi kwa karatasi. Watumwa wamehesabiwa humo pamoja na farasi na vitanda, bei pembeni, lakini angalau wana majina. Katika jalada la sita nilimkuta mama na watoto watatu, majina yaleyale ya 1870, na umri unakaribiana. Naiita dalili nzito, uthibitisho bado. Mama mkwe aliyasoma kwa sauti mara mbili.

Jingine ninalowasifia ni ukurasa wao wa maelezo wa kila kaunti, unaoeleza iliundwa lini na ilimegwa kutoka wapi. Caswell ilimegwa kutoka Orange mwaka 1777, na mwaka 1791 upande wake wa mashariki ukafanywa kaunti ya Person. Familia iliyokaa shamba lilelile bila kuhama inaweza kuwa na karatasi katika kaunti zote tatu! Tovuti ya kulipia niliyoanza nayo haikunidokezea hilo, nami nilipoteza miezi miwili nikidhani watu wametoweka.

Ujue pia kwamba baadhi ya filamu, yaani picha za kumbukumbu hizo, hazifunguki nyumbani, mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba inayoshirikiana nao. Na sensa ya 1890 usiihangaikie, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921.

Natoa nyota tano. Mama mkwe ameshanituma upande wa mama yake, kwa hiyo sasa nimo kwenye majalada ya Person.