Waya wa AUX au transmita ya FM?

Kwa gari la Japani lenye redio isiyo na Bluetooth, waya wa AUX (unaounganisha simu na redio) hutoa sauti safi kuliko transmita (kifaa kinachorusha sauti ya simu hadi kwenye redio kwa mawimbi ya FM), mradi redio iwe na tundu la AUX. Simu nyingi mpya hazina tundu la waya huo, hivyo zitadai adapta, na waya ukivutwavutwa hukatikia ndani.

Transmita huchomekwa kwenye kiberiti cha gari. Nyingi zina maiki na huchaji simu. Tatizo ni masafa: redio nyingi za Japani huishia 90 MHz, transmita huanzia 87.5. Nafasi ni finyu, na mjini stesheni huingilia.

Unapigiwa sana ukiendesha? Transmita. Wewe ni wa muziki tu, safari ndefu? AUX, na waya wa akiba.