Uzoefu wangu: kukodi bajaji kutwa nzima Ramadhani 29, Kigoma

Sisi tunaishi Ujiji na hatuna gari, kwa hiyo mwaka huu, badala ya kupanda na kushuka daladala kama tulivyozoea, niliamua kukodi bajaji moja kwa siku nzima ya Ramadhani 29, siku ambayo mji wote hukimbizana kwa sababu hakuna ajuaye kama mwezi utaandama. Tulikubaliana shilingi 50,000 kwa kutwa, mafuta yakiwa juu ya dereva. Tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na binti yangu wa miaka tisa.

Dereva alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama alivyoahidi, akamwamkia mama mkwe na kumshika mkono kupanda. Mama mkwe anasumbuliwa na magoti, na ngazi za daladala humtoa machozi. Sakafu ya bajaji iko chini, akapanda na kushuka siku nzima bila kulalamika, jambo ambalo peke yake lilinifanya nisijutie fedha yangu.

Tulianzia mwaloni Kibirizi. Idi huja wakati wa giza, na usiku wa giza ndio wa wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa, hivyo dagaa walikuwa wengi. Tulichukua na migebuka kumi, tukawaweka kwenye beseni nyuma ya kiti. Kosa hilo ni langu, ingawa dereva angeweza kunitahadharisha: nafasi ile ya mizigo iko juu ya injini, na tulipoanza kupanda kilima kutoka stesheni kuelekea Mwanga, bajaji ikinguruma kwa gia ya kwanza huku pikipiki zikitupita, joto lilikuwa likiwapata samaki kutoka chini.

Sokoni Mwanga tulinunua mchele, kilo 15 za zaka ya fitri, maana tuko sita nyumbani na kila mtu ana pishi yake ya kilo mbili na nusu, na tano za pilau, pamoja na iliki, binzari nyembamba na nazi. Kanzu za wavulana hazikuwa tayari; moja haikuwa hata na kola. Fundi alinitazama juu ya cherehani akasema, "Mama, mwezi usipoandama leo, kesho tunayo siku nzima." Tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili, na ndipo dereva alipoondoka bila kuaga kwenda kupeleka abiria mwingine stesheni, samaki wangu wakiwa humo humo. Aliporudi aliomba radhi, lakini aliyelipa kutwa amelipia pia muda wa kusubiriwa.

Kanzu zilipokamilika nilizitia kwenye mfuko wa nailoni, nikauweka kando ya beseni. Tulipofika Gungu kwa rafiki yangu, Mkristo ambaye kila Idi hutuazima sufuria kubwa na kuja kuila pilau yake, maji ya migebuka yalikuwa yamekwisha kupenya mfukoni na kuchora ramani ya kahawia mgongoni mwa kanzu ndogo. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa ndimu na sabuni, na samaki wakahamia ndani ya sufuria, mahali ambapo wangekaa tangu asubuhi kama tungeanzia Gungu.

Tulipokaribia Ujiji, saa kumi na mbili na nusu jioni, dereva alidai nyongeza akisema kutwa yake huishia saa kumi na mbili. Nilimjibu kwamba kutwa ni mpaka jua lichwe, na jua la Kigoma, tofauti na la Dar es Salaam, wakati huo wa mwaka huzama saa moja ikiwa imeshapita. Mama mkwe ndiye aliyeamua: "Mwanangu, mpe elfu tano, naye amefunga kama sisi." Nikampa, akanywa maji na kula tende kibarazani kwetu adhana ilipolia.

Mwezi uliandama usiku ule ule. Kwa Idi ya Kuchinja nimeshamweka dereva huyo huyo, kwa masharti matatu aliyoyakubali: tunaanzia Gungu kuchukua sufuria, haondoki bila kuniambia, na kutwa inaishia magharibi.