La Juderia ya Rhodes: usikubali kupewa dakika kumi

Nilikitembelea La Juderia, kitongoji cha Wayahudi katika kisiwa cha Rhodes nchini Ugiriki, mara mbili ndani ya siku mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipitishwa tu. Nilikuwa nimelipia matembezi ya kundi ya muda wa saa tatu ndani ya kuta za mji wa kale. Kiongozi wetu alitumia karibu muda wote kwenye jumba na mtaa wa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, Wakristo waliotawala kisiwa zamani. Ni majengo mazuri, sikatai. Lakini tulipofika La Juderia, upande wa mashariki karibu na bandari, alitusimamisha kwenye chemchemi yenye sanamu za farasi wa baharini, akasema hapa waliishi Wayahudi, basi, tuna dakika kumi za kununua maji. Iliniuma sana.

Iliniuma kwa kuwa nimezaliwa Lubumbashi, Kongo. Marehemu babu yangu alikuwa akipima vitambaa katika duka la Myahudi wa Rhodes, zamani mji wetu ulipoitwa Élisabethville. Watu wa kisiwa hiki walianza kuja Katanga, jimbo letu, mwanzoni mwa karne ya 20, wakafungua maduka, wakaitana ndugu kwa ndugu. Hata Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wetu, baba yake Nissim Soriano alitoka huku. Kwa hiyo sikwenda kutazama mawe ya watu nisiowajua.

Kesho yake niliamka mapema, nikarudi peke yangu kabla abiria wa meli za kitalii hawajashuka. Vichochoro vilikuwa vitupu, vyembamba, na matao yaliyoshikanisha nyumba za pande mbili juu ya kichwa changu. Sinagogi la Kahal Shalom liko katika kichochoro kimojawapo, na kwa nje ni rahisi kulipita. Lilijengwa mwaka 1577, na ndilo kongwe kuliko yote ambayo bado yanatumika kwa ibada nchini Ugiriki.

Ukiingia, tazama chini kwanza. Sakafu yote ni kokoto za baharini, nyeusi na nyeupe, zimepangwa moja moja hadi zikafanya mapambo, nazo zimelainika kwa miguu ya karne kadhaa. Nilizigusa kwa kiganja, zilikuwa baridi ingawa nje jua lilikuwa limeshapanda. Jukwaa la kusomea Torati liko katikati ya ukumbi. Makabati ya kuhifadhia Torati ni mawili, moja kila upande wa mlango unaotokea uani, na watu husali wakiuelekea upande huo, yaani upande wa Yerusalemu. Nilikaa kwenye benchi karibu nusu saa na hakuna aliyeniharakisha.

Vyumba vya pembeni, ambamo zamani wanawake walikuwa wakisalia, sasa ni makumbusho. Yalianzishwa mwaka 1997 na Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles mwenye asili ya Rhodes. Ni madogo, lakini msiyapite haraka. Kuna picha za harusi, za wanafunzi, nguo zilizodariziwa, na habari za Kiladino, lugha yao iliyotokana na Kihispania. Wengi wa mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, nao wakahamia hapa baada ya Waturuki wa Osmani kukiteka kisiwa mwaka 1522. Nilisimama muda mrefu mbele ya picha ya wanaume wamevaa suti nyeupe mbele ya duka, na chini yake yameandikwa maneno Congo Belge, yaani Kongo ya Wabelgiji. Nilitafuta uso wa babu pale, ingawa nilijua hayumo.

Kutoka hapo nenda uwanja wa mashahidi Wayahudi, uleule wa chemchemi. Chini ya miti kuna nguzo ya mawe meusi ya kumbukumbu, yenye pande sita. Waitaliano walikitwaa kisiwa mwaka 1912, na mwaka 1938 wakaleta sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Walioweza kuondoka waliondoka, wengine wakawafuata ndugu zao Afrika. Kisha Wajerumani wakashika madaraka, na Julai 1944 wakawakusanya waliobaki: wanaume, wanawake, wazee na watoto. Tarehe 23 walipakiwa kwenye mashua hadi Piraeus, bandari ya Athens, na kutoka hapo wakasafirishwa kwa treni hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Walikuwa zaidi ya 1,600. Walionusurika hawakufika 200. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaokoa zaidi ya 40 kwa kudai kuwa ni raia wa nchi yake au ni jamaa za raia hao. Mambo haya ndiyo niliyotarajia kiongozi atueleze, na kundi lililokuja saa nne asubuhi nililiona linasimama palepale, linapiga picha chemchemi, linaondoka bila kuigeukia nguzo.

Kwa wanaotaka kwenda: Jumamosi sinagogi halipokei wageni, kwa hiyo msipange siku hiyo. Funikeni mabega na magoti. Vaeni viatu vyenye soli nene, maana mawe ya vichochoroni yanaumiza nyayo. Tengeni saa mbili kamili kwa ajili ya La Juderia peke yake, na kama mnachukua kiongozi, muulizeni kabla ya kulipa kama mtaingia Kahal Shalom. Akisema mtapita nje tu, tafuteni mwingine.

Nilipokuwa natoka, mzee aliyekaa mlangoni aliniuliza natoka wapi. Nikasema Lubumbashi. Akasimama, akanishika mkono, akauliza kama sinagogi la kule bado lipo. Nikamwambia lipo, mzee, nilikuwa nalipita kila siku nikienda shule.